Kuipiga Msasa Rasimu ya Makala ya Kitaaluma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, na wahadhiri chipukizi, wanaoniletea rasimu zao hapa Nairobi. Wengine huja na kipakatalishi. Wengine huja na kurasa zilizochapishwa saiba ya Ngara, bado zina joto la mashine. Jambo likiwa limejibiwa kwingine, nimetaja nambari ya swali.

Mifano mingi inatoka katika makala moja ya kubuni kuhusu wauzaji mboga wa Nairobi na malipo kwa simu. Wala usimtafute mwandishi wake, hayupo.

## Mwanzo

1. Kusahihisha rasimu ni kufanya nini hasa?

Ni kazi tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuirejea hoja: makala yanadai nini, na je, data zinalibeba dai hilo? Ya pili ni kuhariri, yaani mpangilio wa aya, urefu wa sentensi na istilahi. Ya tatu ni kusoma prufu: tahajia, koma, nambari za majedwali. Mtu akiniambia "nimesharekebisha", mara nyingi amefanya hiyo ya tatu peke yake.

Mafundi wa samani kando ya Ngong Road hawapigi msasa meza ambayo miguu yake haijaungwa. Nimesoma rasimu ambazo kila koma imesuguliwa ikang'aa, huku meza yenyewe ikiyumba: sentensi safi kabisa zinazojibu swali ambalo utangulizi haukuliuliza. Anza na hoja, shuka kwenye muundo, kisha aya, kisha sentensi. Hakuna haja ya kurekebisha koma leo katika aya utakayoifuta kesho.

2. Nimemaliza kuandika usiku huu. Nianze kusahihisha kesho asubuhi?

Ukiweza, iache wiki nzima. Ukibanwa, iache siku mbili. Ukiisoma ungali umechoka nayo, utasoma ulichokusudia kuandika badala ya kilichoandikwa.

Kama tarehe ya mwisho imekukaba koo, basi ibadilishe sura: ichapishe kwenye karatasi, geuza fonti, au isome kwa sauti. Kwa Kiswahili, sauti ndiyo dawa kubwa, kwa sababu sikio hukamata upatanisho uliovunjika ambao jicho huupita. Niliwahi kujisomea rasimu kwa sauti ya chini ndani ya matatu iliyokwama Thika Road. Abiria wa kando akavumilia, akavumilia, mwishowe akauliza, "Bosi, hiyo sentensi inaisha lini?" Nilikuwa mstari wa sita.

3. Nitajuaje kama hoja yangu imeshikana?

Chora ramani ya aya. Pembeni mwa kila aya andika kwa sentensi moja fupi inachosema (kile inachosema kweli, si kile ulichotaka iseme). Kisha soma hizo sentensi za pembeni peke yake. Ramani ya utangulizi wa makala yetu ya wauzaji mboga ilikuwa hivi:

Aya ya 1: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007.
Aya ya 2: Masoko ya Nairobi yana historia ndefu.
Aya ya 3: Alfajiri wauzaji hutaka pesa taslimu, simu hutumika zaidi mchana.
Aya ya 4: M-Pesa imeenea haraka.
Aya ya 5: Teknolojia ni muhimu kwa maendeleo.

Hapo hata mgeni anaona. Aya ya 4 ni ya 1 iliyovaa koti jingine. Ya 5 haisemi lolote ambalo mtu angelipinga. Habari yenyewe imefukiwa katikati, aya ya 3, na ndiyo iliyostahili kufungua makala. Mwandishi alikuwa amekaa na sentensi hiyo miezi minne bila kuiona, kwa sababu ilitanguliwa na historia.

Usipoweza kuandika sentensi ya pembeni, aya hiyo ina mambo mawili au haina hata moja.

## Muundo na sehemu za makala

4. Nianze kurekebisha sehemu gani?

Mbinu na matokeo kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zisizobadilika kwa matakwa yako. Kisha mjadala, kisha utangulizi, na ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni) mwisho kabisa. Anayeanza na ikisiri huishia kuiandika mara nne.

5. Ikisiri yangu ina maneno 420 na jarida linataka 250. Nikate nini?

Kata dunia. Sentensi ya kwanza ya ikisiri nyingi huanzia mbali sana:

"Katika ulimwengu wa leo wa utandawazi ambapo teknolojia inaendelea kukua kwa kasi, malipo kwa njia ya simu yamekuwa na umuhimu mkubwa sana katika maisha ya kila siku ya wananchi wa Kenya wakiwemo wafanyabiashara wadogowadogo."

Hayo ni maneno 34, na msomaji bado hajui unazungumzia nini. Iwe hivi:

"Wauzaji mboga wa Nairobi hupokea malipo kwa simu, ila alfajiri huhitaji pesa taslimu za kununulia bidhaa."

Maneno 16, na tatizo liko mezani. Baada ya hapo sema ulitafuta nini, ulifanyaje, uliona nini, na kuna maana gani. Matokeo ndiyo yapewe nafasi kubwa. "Makala yatajadili matokeo na kutoa mapendekezo" ni ahadi, na mtu anayesoma ikisiri hataki ahadi. Nadharia itajwe kwa jina tu. Kuieleza ni kazi ya makala.

6. Makala yangu yanatoka katika tasnifu. Si nikate tu sura ya nne nitume?

Hili huulizwa karibu kila wiki, na jibu halijabadilika: usifanye hivyo. Tasnifu huwathibitishia watahini kwamba umesoma na unaweza kutafiti. Makala huwaambia wanataaluma wenzako jambo moja jipya. Mapitio ya kurasa 40 yawe kurasa mbili au tatu. Ufafanuzi wa istilahi na "umuhimu wa utafiti" viondoke, pamoja na kila "kama ilivyoelezwa katika sura iliyotangulia".

Kisha tafuta mabaki ya pendekezo la utafiti. Kiswahili kinakurahisishia kazi hapa: yamejificha katika kiambishi -ta-. "Mtafiti atawahoji wauzaji", "sampuli itateuliwa". Uliwahoji mwaka juzi! Tumia kitafutio cha faili usake "ata", "uta" na "ita", moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini nusu saa inatosha.

Mabaki mengine ni takwimu zilizochacha. Rasimu nyingi bado zinasema Nairobi ina watu 3,138,369, kwa sababu pendekezo lilinakiliwa kutoka pendekezo la mwenzake, lililonakiliwa kutoka jingine. Hiyo ni sensa ya 2009. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Na ukikuta "Mkoa wa Nairobi" (siku hizi ni kaunti) katika utafiti wa juzi, jua aya hiyo ina umri mkubwa kuliko utafiti wako.

Mwambie mhariri wazi kwamba makala yanatokana na tasnifu. Kuhusu mfanano na tasnifu iliyowekwa kwenye hifadhi ya chuo, tazama swali la 14.

7. Msimamizi huandika "hii ni orodha" kwenye mapitio yangu. Anamaanisha nini?

Anamaanisha aya zako zote zinaanza na jina la mtu na mwaka, kisha "anasema". Panga kwa misimamo: wanaoona malipo kwa simu yamewakomboa wachuuzi wakae pamoja, wanaotilia shaka wakae pamoja, halafu useme wewe unasimama wapi na kwa nini. Majina yahamie ndani ya mabano.

## Nambari na wahojiwa

8. Nambari zangu hazilingani. Nazikagua vipi?

Chapisha makala yote, chukua kalamu nyekundu, zungushia duara kila nambari, kisha ifuate kila moja hadi kwenye jedwali au faili ilikotoka. Hakuna njia ya mkato.

Kosa la kawaida liko kwenye sampuli. Tuseme masoko mawili yana wauzaji 400. Ukitumia fomula ya Yamane ya kukokotoa sampuli, kwa kosa la asilimia 5, unapata 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025), yaani 200. Ukitumia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, unapata 196. Zote zinakubalika, ila si kwa pamoja. Katika rasimu yetu ikisiri ilisema 200, sehemu ya mbinu 196, na majedwali yakajumlisha 187. Hiyo ya mwisho ilikuwa idadi ya hojaji zilizorudi, lakini mwandishi hakuieleza popote. Chagua njia moja, itaje, kisha useme hojaji ngapi zilitolewa na ngapi zilirudi.

Asilimia nazo: 112 kati ya 187 ni 59.9. Kuandika 59.893 ni kujigamba kwa usahihi ambao sampuli hiyo haina. Na kama jumla imefika 99.9 kwa sababu ya kukadiria, sema hivyo chini ya jedwali kabla mhakiki, yaani mtaalamu anayelisomea jarida makala yako, hajasema.

9. Wahojiwa walizungumza Sheng. Nisafishe nukuu zao?

Usizisafishe. Muuzaji akisema, "Saa kumi nataka chapaa mkononi. Ya simu itangoja," amekupa saa, amekupa haja, na amekuonyesha kipaumbele chake. Ukimgeuza aseme "Nahitaji fedha taslimu wakati wa alfajiri", umemvalisha suti asiyoijua na umepoteza nusu ya data. Acha maneno yake, kisha eleza kwa ufupi: chapaa ni pesa, na saa kumi ni ya alfajiri, anapokwenda soko la jumla la Marikiti kununua mboga.

Upatanisho wake pia usiuguse. Kiswahili cha Nairobi kikisema "mboga yangu iliharibika yote", ndivyo alivyosema. Unachopaswa kurekebisha ni Kiswahili chako wewe.

Mahojiano yakiwa ya Kikamba au Dholuo, sema katika sehemu ya mbinu nani alitafsiri na nani mwingine alihakiki tafsiri. Hifadhi maneno ya asili hata kama jarida halina nafasi ya kuyachapa. Mhakiki anaweza kuyaitisha.

10. Nimebadilisha majina ya wahojiwa. Si inatosha?

Mara nyingi haitoshi. "Mama Achieng' (si jina lake halisi), mwanamke pekee anayeuza sukumawiki akiwa kwenye kiti cha magurudumu mkabala na lango la soko." Mtaa mzima umeshamjua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, mama wa watu alikuamini. Punguza maelezo: umri kwa makundi, kazi kwa ujumla, eneo bila lango.

Soma na shukrani. Niliwahi kukuta makala yaliyoficha jina la soko kurasa zote 18, kisha mwishoni mwandishi akamshukuru mwenyekiti wa soko hilo, kwa jina lake na la soko.

11. Katikati ya kusahihisha nimegundua data hazitoshi. Nirudi nyanjani?

Kwanza jaribu kupunguza dai. "Wauzaji mboga wa Nairobi hupendelea pesa taslimu" ni dai ambalo watu 187 hawawezi kulibeba. "Wauzaji wengi tuliowahoji katika masoko mawili hupendelea pesa taslimu" ni dai wanalolibeba bila jasho. Mara nyingi tatizo lilikuwa ukubwa wa dai tangu mwanzo.

Ikiwa huna budi kurudi, angalia tarehe kabla ya kupanda matatu: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ina mwisho wake, na kibali cha kamati ya maadili vilevile. Data zilizokusanywa baada ya vibali kuisha zitakuletea balaa kubwa kuliko upungufu uliokuwa nao.

## Lugha na marejeleo

12. Naambiwa Kiswahili changu kinanuka Kiingereza. Nirekebishe wapi?

Anza na vitenzi. "Uchambuzi wa data ulifanywa na mtafiti" ni "nilichambua data". "Kulikuwa na ongezeko la matumizi" ni "matumizi yaliongezeka". Fuata "idadi kubwa ya wauzaji walisema": kisarufi idadi ndiyo "ilisema", na hilo linachekesha, kwa hiyo andika tu "wauzaji wengi walisema".

Kisha istilahi. Katika rasimu yetu jambo moja liliitwa malipo kwa simu, pesa za simu, fedha za kielektroniki na miamala ya kidijitali, yote katika kurasa tatu. Shuleni tulifundishwa kutorudia neno, na katika insha ni sawa. Katika makala ya kitaaluma msomaji atadhani ni vitu vinne. Chagua jina moja ulirudie bila haya.

Amua mapema pia kama utaandika data hii au data hizi, makala haya au makala hii, tarakilishi au kompyuta. Ukituma kwa jarida la Dar es Salaam, soma toleo lao la karibuni uone wanavyoandika.

13. Marejeleo yangu ni ya APA lakini mhariri amekataa. Kwa nini?

Huenda umefuata toleo la sita la mwongozo huo wa kuandika marejeleo. La saba lilitoka Oktoba 2019, na tofauti inayoonekana haraka ni mji wa mchapishaji: hauandikwi tena. Kila ukiona "Nairobi:" mbele ya jina la mchapishaji, futa. Ndani ya matini, waandishi wakiwa watatu au zaidi, anatajwa wa kwanza na wenzake tangu mara ya kwanza.

Kisha kagua pande mbili: kila kilichotajwa ndani kiwe kwenye orodha, na kila kilichomo kwenye orodha kiwe kimetajwa ndani. Programu ya kupanga marejeleo kama Zotero ni ya bure na inasaidia sana, ila nayo hunakili makosa uliyoyaingiza.

14. Turnitin imetoa asilimia 28. Nimeiba?

Hatujui bado. Turnitin hupima maneno yanayofanana na yaliyo kwenye hifadhi zake. Kuamua kama ni wizi ni kazi ya mtu. Fungua ripoti uone hiyo 28 inatoka wapi. Ikiwa ni marejeleo, nukuu zenye alama na maneno ya hojaji sanifu, lala usingizi. Ikiwa ni aya nzima ya mtu mmoja, hata asilimia 4 ni tatizo. Ikiwa ni tasnifu yako mwenyewe, mweleze mhariri (tazama swali la 6).

Usibadilishe neno mojamoja ili rangi zipungue. Funga chanzo, eleza wazo kwa maneno yako, kisha litaje lilikotoka.

15. Naweza kutumia akili unde (AI) kusahihisha?

Soma sera ya jarida kwanza, na ukiitumia sema uliitumiaje. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, imesema wazi kwamba chombo hicho hakiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa hakiwezi kuwajibika. Hatari kubwa kwako ni marejeleo: huweza kubuni kitabu, mwandishi na mwaka, vyote vikionekana vya kweli. Rejeleo ambalo hukulifungua mwenyewe, liondoe.

## Wasimamizi, wahakiki na wahariri

16. Msimamizi amekaa na rasimu miezi miwili. Nimkumbusheje bila kumuudhi?

Punguza unachomwomba. Kurasa 25 zisizo na swali hukaa chini ya rundo. Jaribu hivi:

"Profesa, habari za asubuhi. Naomba radhi kwa kukusumbua. Rasimu niliyokuachia ina kurasa nyingi, lakini kwa sasa naomba unisomee sehemu ya matokeo tu, ukurasa wa 9 hadi 14. Sijui kama Jedwali la 3 linatosha au nilitoe. Naweza kupita ofisini Alhamisi ukiwa na nafasi."

Swali moja, kurasa sita, siku moja. Wa kwangu enzi zile hakujibu barua pepe hata moja, ila karatasi iliyoachwa kwa karani wake ilirudi siku ya pili imejaa wino.

17. Mhariri ameandika "marekebisho makubwa". Nimekataliwa?

La. Umealikwa kurudi. Soma barua, ifunge, ikae siku mbili mpaka hasira ipoe. Kisha tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mhakiki, jibu lako, na ukurasa wa badiliko. Kila maoni yapate jibu, hata ya koma.

Mhakiki amesema: "Sampuli haielezwi vizuri." Jibu baya: "Tumerekebisha." Jibu zuri: "Asante. Ukurasa wa 7, aya ya 2, sasa unaeleza kwamba hojaji 196 zilitolewa na 187 zikarudi. Ikisiri na Jedwali la 1 vimerekebishwa vilingane."

Unaruhusiwa kukataa. Sema kwa adabu kwa nini, na uonyeshe ushahidi. Na kama mhakiki amekuelewa vibaya, usimwambie hakuelewa; irekebishe sentensi iliyompoteza.

18. Wahakiki wawili wanapingana. Nimfuate nani?

Mwandikie mhariri. Eleza mgongano kwa mistari miwili, sema unaelekea upande gani na kwa nini, uombe mwongozo. Uamuzi ni wake.

19. Jarida limekubali makala ndani ya siku tatu, bila marekebisho, na linataka dola. Nifurahi?

Usilipe kwanza. Makala ambayo hayakupata hata swali moja huenda hayakusomwa. ISSN si ushahidi wa ubora, ni nambari ya utambulisho tu. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, au AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Tafuta pia wahariri wake kwenye tovuti za vyuo vyao. Uliza chuo chako kinatambua nini, maana makala ya aina hiyo yanaweza kukataliwa siku ya kuhesabiwa.

20. Aliyenisahihishia lugha awe mwandishi mwenza?

Hapana. Mwandishi ni aliyechangia wazo, data au uchambuzi, akashiriki kuandika, akaidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Wa koma aende kwenye shukrani, nami nikiwemo.

21. Nimetuma toleo lisilo sahihi. Nifanyeje?

Mwandikie mhariri siku hiyohiyo, ambatisha toleo sahihi, sema tofauti ni ipi. Usingoje aligundue.

Mimi nilishatuma faili iliyoitwa "mwisho_kabisa_2" kumbe ilikuwepo "mwisho_kabisa_3". Pembeni mwa ukurasa wa tano mwenzangu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HII DATA TUMEITOA WAPI?? Nilituma barua ya pili dakika arobaini baadaye, mikono ikitetemeka. Mhariri akajibu kwa mstari mmoja kwamba amepokea jipya na la kwanza amelifuta. Chini yake akaongeza: "Ila swali la pembeni ni zuri. Naomba mlijibu."